Siku 30 kwenye pasipoti ya wifi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Arusha

Ukurasa wenyewe bado nauona. Muhuri wa Namanga, wino umekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, tarehe 22 Julai 2023, na pale panapojazwa kwa mkono, tarakimu mbili za peni ya buluu: 30. Mwenye pasipoti alikuwa amekaa mbele ya meza yangu, mtoto wa wiki saba kifuani ananyonya. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 30 Oktoba. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani mara mbili, kidole juu ya kila wiki, nikitumaini nimekosea. Ruhusa yake ya kukaa Tanzania ilikwisha tarehe 20 Agosti. Alikuwa amepitiliza siku 71, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Mimi ni karani wa shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, upande wa Sakina, kwenye barabara ile ile iendayo Namanga. Mafaili ya walimu wa kigeni yako kwangu. Mwenye pasipoti ni mke wa mwalimu wetu wa hisabati, Mkenya wa Kisii. Mwalimu ananiita dada, kwa hiyo mkewe ni wifi yangu, na ndivyo nitakavyomwita humu ndani. Wote wawili wameniruhusu niandike, majina yabaki kwao.

Nimeamua kukieleza kisa hiki mwanzo hadi mwisho kwa sababu nimewahi kusikia vipande vyake kwa watu wengi: mwingine amezuiwa mpakani kwa ajili ya kadi ya chanjo, mwingine mtoto wake hana hati, mwingine amepitiliza siku. Kila mmoja huhadithia kipande chake kana kwamba kilianguka chenyewe. Kwa wifi niliviona vyote vikishikana, kimoja kikizaa kingine, na chini yake kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda kulikubali: katika mji huu, wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna aliyemwona wifi kuwa mgeni. Anaongea Kiswahili. Anapika ugali. Kwao ni safari ya siku moja na nusu kwa basi. Sisi tulimwona mtu wa nyumbani, naye alijiona hivyo hivyo, wakati muhuri ulikuwa unahesabu.

Namanga

Mwalimu mwenyewe hakuwa na tatizo. Ana kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa Sheria ya Ajira kwa Wasio Raia ya mwaka 2015, na juu yake kibali cha ukaazi Daraja B kutoka Uhamiaji. Ni ofisi mbili na karatasi mbili, na moja haitoshi bila nyenzake. Watu wengi hudhani kwamba tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, Mkenya anafanya kazi Tanzania kama anavyofanya Nakuru. Hapana. Itifaki imefungua mlango, lakini kila nchi bado inatoa vibali vyake kwa sheria zake.

Mkewe alibaki Kisii. Likizo ya Juni Mwalimu alikwenda kumwona, wakakubaliana aje ajifungulie Arusha, wawe pamoja. Akasafiri Julai, mimba ya wiki 30. Alilala Nairobi kwa dada yake, asubuhi akapanda basi la Arusha, na saa sita mchana wakawa Namanga.

Pasipoti alikuwa nayo, na hilo peke yake linafaa kusifiwa. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu, basi wengi wanafika Namanga na kitambulisho mkononi wakiamini na Tanzania imo kwenye mpango huo. Haimo. Wifi alikwama penginepo. Kabla ya dirisha la uhamiaji kuna meza ya afya, na kijana wa pale akamwomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na atokaye huko anatakiwa kuwa nayo. Wifi hakuwahi hata kuisikia.

Nilikuwa sokoni Kilombero Mwalimu aliponipigia. Alikuwa ameongea na mkewe na sauti yake ilikuwa juu. "Dada, wanasema achanjwe au arudi. Na kuna kijana nje anasema atamletea kadi iliyoandikwa tayari, ni pesa kidogo tu. Nimwambie achukue?"

Nilimwambia asubiri dakika kumi. Nikampigia rafiki yangu muuguzi. Jibu lake nililiandika nyuma ya risiti ya vitunguu, na risiti hiyo ninayo hadi leo ndani ya faili.

Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mjamzito hapewi hivi hivi tu. Daktari hupima kwanza hatari ya ugonjwa kule anakokwenda dhidi ya hatari ya chanjo yenyewe. Wifi alikuwa anakuja Arusha kukaa nyumbani kwa mumewe, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumchoma sindano palepale mpakani ili tu apite. Pili, hata angechanjwa saa ile, kadi huanza kuhesabika baada ya siku kumi. Ndiyo maana wale vijana wa nje wanarudisha tarehe nyuma: kadi ya leo haimsaidii msafiri wa leo. Na tatu, ambalo sikulijua kabisa, Kanuni za Afya za Kimataifa zina njia halali kwa mtu asiyeweza kuchanjwa. Daktari anaandika sababu, anatia saini na muhuri, na ile kadi ya chanjo, ambayo ni kijitabu cha manjano, ina sehemu ya kuandikia hilo. Maofisa wa mpakani wanatakiwa kuizingatia barua hiyo.

Kuhusu ile kadi ya kununua, rafiki yangu alisema maneno ambayo nayarudia kwa kila mwalimu mgeni anayefika: kadi hiyo ikishaingia kwenye karatasi zako inasema mwilini mwako mna kinga ambayo haimo. Siku ukienda kunakougulika kweli, utaamini karatasi na daktari ataamini karatasi. Tangu 11 Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo na uongo mmoja unakaa kwenye faili lako maisha yote.

Nikampigia Mwalimu. Mwalimu akampigia mkewe. Wifi akarudi kwenye ile meza, akatoa kijitabu chake cha kliniki cha Kenya, akasema kwa upole wake: "Naomba barua ya daktari, niko na mimba ya miezi saba." Kijana alibadilika hapo hapo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona pasipoti, hakuwa ameona tumbo lililofichwa na koti la safari. Alimwelekeza kituo cha afya cha pale Namanga. Lakini ilikuwa Jumamosi, daktari alikuwa mmoja na foleni ndefu, basi likaondoka na sanduku lake, na barua ilipopatikana ilikuwa imetimu saa kumi na moja jioni.

Nimekaa sana hapa Namanga kwa sababu kosa lililotugharimu lilizaliwa katika dakika mbili zilizofuata, na siwezi kuzieleza dakika hizo bila saa tano zilizozitangulia. Wifi alifika dirishani miguu imevimba, njaa inamuuma, Noah ya mwisho ya Arusha inapiga honi nje. Ofisa akamuuliza atakaa muda gani. Akajibu: "Mwezi hivi, halafu tutaona."

Ofisa akaandika 30.

Kwa Mkenya hakuna viza. Unapewa pasi ya matembezi palepale dirishani, na idadi ya siku inategemea unachosema na ofisa anavyoona. Wifi angeweza kusema kweli yote: nakuja kwa mume wangu mwenye kibali, najifungua mwezi wa tisa, naomba siku 90. Angetoa na nakala ya kibali cha mumewe, ambayo ilikuwa ndani ya sanduku lililotangulia na basi. Hakusema uongo. Alijibu kama tunavyojibiana sisi kwa sisi, jibu laini lisilomfunga mtu, na ofisa akalichukua jibu hilo kwa tarakimu. Kisha akafunga pasipoti, akampa, naye akaiweka kwenye mkoba na kukimbilia Noah. Hakuifungua tena.

NHIF mbili

Arusha alianza kliniki wiki ile ile. Muuguzi alimfungulia kadi mpya, akahamishia humo yale ya kwenye kijitabu cha Kenya: kundi la damu, sindano za pepopunda, vipimo vyote. Hapo mambo yalikwenda vizuri, na nawashauri wote wanaovuka mpaka na mimba wasiache kijitabu chao nyumbani. Kilimtoa Namanga, kikampokea Arusha.

Bima ndiyo iliyotushangaza. Wifi alikuwa na kadi ya NHIF, imelipiwa, haina deni. Mwaka ule Kenya ilikuwa na NHIF, na Tanzania ina NHIF. Herufi nne zile zile. Tulipofika kwenye dirisha la malipo la hospitali alikokuwa amelazwa, Mwalimu aliiweka kadi ya mkewe juu ya kaunta kwa uhakika kabisa. Mama wa dirishani akaigeuza, akaisoma, akairudisha taratibu. "Baba, hii ni ya kwenu. Ya kwetu ni mfuko mwingine." Wa Kenya baadaye, Oktoba 2024, ulibadilishwa na kuwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), kwa hiyo mkanganyiko wa jina umepungua, lakini jambo lenyewe halijabadilika: mfuko wa umma wa nchi moja hauvuki Namanga pamoja na mwanachama wake. Mwalimu alilipa taslimu, na sehemu alikopa kwenye kikundi chetu cha walimu.

Kulazwa kulitokana na presha. Tarehe 4 Septemba ilipimwa 150 kwa 100, na protini ikaonekana kwenye mkojo. Daktari aliona dalili za kuelekea kifafa cha mimba, akamlaza, na akaandika barua: mgonjwa asisafiri. Wiki moja baadaye walimwanzishia uchungu, na tarehe 11 Septemba akajifungua salama mtoto wa kiume wa kilo mbili na nusu. Hatukulala vizuri wiki ile. Nani angekumbuka pasipoti?

Jedwali la ukutani

Kuna jambo langu hapa ambalo lazima niliandike. Nyuma ya mlango wa ofisi yangu kuna jedwali. Mwaka ule lilikuwa na majina ya wasichana wawili wa Kijerumani waliokuja kujitolea, vibali vyao vya Daraja C, tarehe za kuanza, tarehe za kwisha, na mstari mwekundu siku 60 kabla. Walipofika tu niliomba pasipoti zao, nikafungua ukurasa wa muhuri, nikapiga fotokopi. Nilifanya hivyo kila waliporudi kutoka Zanzibar au Nairobi. Mwalimu wa hisabati alikuwamo kwenye jedwali kwa sababu ni mwajiriwa wetu. Mkewe alifika Julai, nilimpelekea maziwa na ndizi za kupika, nilikaa naye kitandani, nilishika tumbo lake mtoto akicheza. Pasipoti sikuiomba. Haikunijia hata akilini kuiomba. Mgeni, kichwani mwangu, alikuwa na ngozi nyeupe na tiketi ya ndege.

Ile Oktoba nilimwita ofisini kwa jambo jingine. Mtoto ameshazaliwa, familia inakaa, nikafikiri sasa tumwombee wifi pasi ya mtegemezi kupitia kibali cha mumewe. Nilikuwa najaza fomu, nikafika kwenye tarehe ya kuingia nchini, nikasema, hebu lete pasipoti. Ndipo nikaona ile 30.

"Nilidhani ni ile ya miezi tatu," alisema. Akaacha kumnyonyesha mtoto, akamfunika vizuri, akaanza kulia bila sauti.

Dirishani

Siku mbili zile tulipata washauri wengi. Mmoja alisema waende Namanga wakaongee na askari huko huko. Mwingine, mtu mzima anayeheshimika kanisani, alisema Mkenya hajulikani, apite njia ya panya, akifika Kajiado ameshamaliza. Nilikataa yote mawili. La kwanza ni rushwa. La pili nililieleza kwa Mwalimu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu anaielewa: mkeo ameingia kwenye mfumo tarehe 22 Julai. Asipogongewa muhuri wa kutoka, mfumo utaendelea kumhesabu yumo ndani. Siku atakaporudi kihalali, mwakani au mwaka wa tano, ofisa atafungua kompyuta na kuona mtu anayeingia nchi ambayo hajawahi kuitoka. Siku 71 zitakuwa 700.

Kuna tofauti kubwa kati ya kukamatwa umepitiliza na kwenda mwenyewe kusema umepitiliza. Kosa kisheria ni lile lile, Sheria ya Uhamiaji haibadiliki kwa sababu umekuja na mtoto. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe ana nafasi ya kueleza kabla hajaulizwa. Tukaenda Jumatano asubuhi: wifi, Mwalimu, mimi, na mtoto. Nilikuwa na bahasha: barua ya mwajiri, nakala ya vibali vya Mwalimu, tangazo la kizazi kutoka hospitali, na barua ya daktari, ambayo niliiweka juu kabisa nikiamini ndiyo ngao yetu.

Ofisa alikuwa mama wa makamo. Alimpa wifi kiti kwanza, akamtazama mtoto, akampa pole na hongera. Kisha akasoma. Alisoma kila karatasi hadi chini, na kwenye barua ya daktari akaweka kidole juu ya tarehe.

"Mama, hii inaanza tarehe nne Septemba. Ruhusa yako iliisha tarehe ishirini Agosti. Hizo wiki mbili ulikuwa unaumwa nini?"

Kimya. Nilijua Mwalimu angependa kusema presha ilianza mapema. Niliona midomo yake ikifunguka. Wifi akamtangulia.

"Sikuwa naumwa, afande. Sikusoma muhuri."

Naamini jibu hilo ndilo lililotuokoa. Barua ya daktari ilieleza kwa nini hakuondoka Septemba. Haikueleza Agosti, na sisi tulikuwa tumeileta kama inaeleza yote. Angesema uongo mdogo, kliniki ina kadi, na kadi ya Agosti inaonyesha presha ya kawaida. Karatasi zile zile tulizobeba zingemsuta. Ofisa aliandika maelezo yake kwenye fomu, akamsomea, wifi akatia saini. Akatakiwa kulipa. Malipo yalitoka kwa kontro namba, yakalipwa benki, risiti ya serikali ikawekwa kwenye faili. Ilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi wa Mwalimu, na kwao ilikuwa pesa nyingi sana. Akaongezewa muda wa kukaa kihalali hadi shule zifungwe Desemba, ili aondoke na mumewe na mtoto aweze kupata hati.

Ile pasi ya mtegemezi niliyokuwa naijaza? Ofisa aliuliza cheti cha ndoa. Hawana. Walioana kimila Kisii, ng'ombe zilitolewa, wazee walikaa, ndoa inajulikana na kila mtu isipokuwa dirisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyingine, lakini inataka iandikishwe, na wao hawakuiandikisha. Kwa hiyo safari ya Desemba ikapata kazi ya pili.

Namna hiyo pia nikamzuia wifi kuchukua kazi ya kushona kwa jirani mwenye fremu pale Mianzini. Alikuwa anataka kusaidia kulipa deni la hospitali, namwelewa. Lakini hata pasi ya mtegemezi haimruhusu mtu kufanya kazi, sembuse yeye aliyekuwa kwenye siku za kuongezewa.

Herufi moja

Mtoto. Uzazi unatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, na tulikuwa ndani ya muda. Nilipolikagua tangazo la kizazi kabla ya kulipeleka kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili, nikakuta jina la ukoo la mama limeandikwa kwa l mahali penye r. Muuguzi aliandika alivyosikia. Herufi moja, na ingemfanya mtoto awe wa mama mwingine mbele ya kila ofisi ya Kenya atakayopita maishani. Tulirudi hospitalini likasahihishwa likiwa bado ni tangazo, ilichukua nusu siku. Kusahihisha cheti kilichokwisha kutoka ni safari nyingine kabisa, msiifuate.

Majirani walisema mtoto amezaliwa Arusha, ni Mtanzania huyu. Walisema kwa upendo. Cheti cha RITA kinathibitisha alipozaliwa na wazazi wake ni akina nani. Anapoombewa hati ya kusafiria, wanaoangaliwa ni wazazi. Upande wa Kenya jibu liko wazi: Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema aliye na mama au baba raia siku anapozaliwa ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje. Kwa hiyo walikwenda kwa ubalozi wao na cheti, pasipoti za wazazi na picha ndogo ya mtoto ambayo ilipigwa mara tisa kwa sababu kila mara alifumba macho, wakapata hati ya dharura ya kumvusha.

Jumamosi tarehe 16 Desemba walivuka Namanga. Muhuri wa kutoka ukagongwa juu ya muda ulio halali. Mwalimu alinitumia picha ya ukurasa.

Januari

Huko Kisii waliandikisha ndoa, wakaomba pasipoti ya mtoto. Kurudi kwao kulikuwa na swali la chanjo tena. Shemeji zake walimwambia sasa umejifungua, chanjwa yaishe. Muuguzi wangu alisema asubiri. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa hushauriwa kungoja, isipokuwa analazimika kwenda penye hatari, kwa sababu kirusi cha chanjo kinaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa. Mtoto naye hachanjwi kabla ya miezi tisa. Basi walitafuta barua mpya ya daktari kabla ya safari, kwa utulivu, Kisii, ikiwa na muhuri na sababu zake, na hapakuwa na kijana wa nje wala foleni ya jioni.

Mwalimu alitangulia kwa sababu ya shule. Wifi alivuka Jumamosi tarehe 6 Januari 2024 na mtoto mgongoni, na barua ya baba ya kumruhusu kusafiri naye. Sanduku lilikwenda kwenye buti la basi. Karatasi zote zilikuwa kwenye mkoba wa kifuani. Meza ya afya, dakika nne. Dirishani akaulizwa atakaa muda gani. Alikuwa amejifunza jibu lake kama shairi: "Naomba siku 90. Mume wangu ana kibali cha ukaazi, nakala hii hapa. Nimekuja kuomba pasi ya mtegemezi, cheti cha ndoa hiki hapa." Ofisa akagonga, akaandika, akaisukuma pasipoti.

Hakuondoka. Aliifungua pale pale, watu wakiwa nyuma yake, akasoma tarehe, akasoma tarakimu, akamwonyesha ofisa kwa kidole: "Hii ni tisini?" Ofisa akasema ndiyo, mama, tisini.

Pasi ilitoka mwezi Machi. Jedwali nyuma ya mlango wangu sasa lina safu ya wake, waume na watoto, na imebidi lihamie ukuta mwingine kwa sababu mlango hautoshi: tuna Waganda wawili, Mrundi mmoja, Wakenya watano na familia zao. Ninapokea pasipoti siku ya kwanza mtu anapofika, hata kama nimebeba maziwa na ndizi mkono wa pili.

Kwenye mstari wa wifi kuna tarehe moja niliyoizungushia duara jekundu: 11 Juni. Siku hiyo mtoto alitimiza miezi tisa. Tulipanda daladala pamoja asubuhi, mtoto akachomwa sindano yake ya ratiba, kisha mama yake akachanjwa homa ya manjano, na kijitabu cha manjano kikaandikwa jina lake, r mahali penye r.